Samaki Hawakuhitaji Safina

Katika habari za Nuhu kuna jambo ambalo wengi wetu hulipita bila kulitazama. Wanyama waliingizwa safinani, ndege waliingizwa, hata vitambaavyo. Samaki hawakutengewa chumba. Gharika kwao haikuwa maangamizi. Ni kama mtu aliyeongezewa ua. Sisi, mume na mke wa hapa Mwanhuzi, tumelitafakari jambo hili kwa miaka mitatu sasa, kwa sababu sebuleni kwetu kuna tangi la kioo la lita 120, na ndani yake tunafuga na kuzalisha furu.

Mwanzoni tulimtamani samaki mwingine. Tulimkuta ndugu yetu Dar es Salaam akifuga disikasi, samaki wa mito ya Amazon, mviringo na bapa kama sahani. Alituonyesha jambo ambalo hatujalisahau: vifaranga vya disikasi, siku zao za kwanza, hula ute unaotoka kwenye ngozi ya wazazi wao, wakihama kutoka ubavu wa mama kwenda ubavu wa baba. Tulikaa mbele ya kile kioo hadi chai ikapoa. Lakini disikasi anataka maji laini, tena yenye joto la nyuzi 28 hadi 30 usiku na mchana. Anayezijua birika za Mwanhuzi, zilivyojaa ukoko mweupe ndani, na anayeujua umeme wetu, hahitaji maelezo zaidi.

Tukarudi kwa samaki wa kwetu. Ziwa Victoria lilikuwa na aina za furu zaidi ya 500, nyingi kati yake hazipatikani penginepo duniani. Miaka ya 1950, wakati wa ukoloni, sangara aliingizwa ziwani upande wa Uganda. Upande wa Mwanza aliongezeka kwa kishindo miaka ya 1980, na furu waliokuwa wakijaza nyavu wakaisha mbele ya macho ya wavuvi. Wataalamu wanakadiria kuwa aina zipatazo 200 zilitoweka. Maji nayo yalichafuka, na furu jike humchagua dume kwa rangi yake. Maji yakiwa ya ukungu rangi haionekani, na aina zikachanganyikana. Hatumlaani sangara. Amesomesha watoto wengi wa kanda hii, na bila shaka sadaka nyingi zimetoka kwake.

Watafiti wa Kiholanzi waliokuwa Mwanza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 waliyaona hayo yakitokea. Furu hai walipelekwa Ulaya na Marekani, na baadhi ya aina zisizoonekana tena ziwani zimeendelea kuzaana kwenye matangi huko ng'ambo. Miaka ya 1990, uvuvi ulipompunguza sangara, aina kadhaa zilirudi kwa wingi ziwani zenyewe. Kwa hiyo safina ipo, na mara hii waliomo ni wale ambao Nuhu hakuwa na haja ya kuwabeba.

Wa kwetu si wale adimu. Tuliwanunua Lamadi kwenye ndoo ya chambo, maana furu hai hutungwa kwenye ndoano kumvulia sangara. Tuliwapandisha basi wakiwa kwenye ndoo yenye mfuniko, na abiria wa jirani akatuuliza kama tumekosa kitoweo Bariadi.

Furu jike akishataga huyaokota mayai yake na kuyatia kinywani. Humo yanaanguliwa, humo vifaranga hukua. Tumehesabu mara nyingi: siku kumi na nane, wakati mwingine ishirini. Siku zote hizo hali kitu. Ukimwaga unga wa dagaa wenzake hupigana, yeye husogea pembeni, taya limevimba, akiyageuzageuza mayai taratibu yapate hewa. Mgongo hukonda hadi kichwa kinaonekana kikubwa kuliko mwili. Siku ya kuwatema hutoka vifaranga ishirini au thelathini, na akishtuka hufungua kinywa wakarudi wote mbio. Kinywa kile kile ambacho kwa samaki mwingine yeyote kingekuwa kaburi lao. Tumemsoma Yona mara nyingi. Tangu tuanze kufuga furu tunamsoma polepole zaidi.

Sasa habari ya maji. Kiangazi hapa si cha kusimuliwa. Kuna watu wa jumuiya yetu wanaofukua mchanga mtoni kupata ndoo moja. Mama mmoja mzee, ambaye sote humwita mayu, alituuliza baada ya sala, mbele ya watu: "Wanangu, maji ninayoyaamkia usiku wa manane, ninyi mnawapa samaki?"

Tulimjibu kwamba tunabadilisha lita ishirini tu kwa wiki, na kwamba hazimwagwi, zinanyweshea mchicha.

"Mchicha sawa," akasema. "Samaki je?"

Tungeweza kumtajia kitabu cha Mwanzo, kwamba baraka ya kwanza kabisa ya kuzaa na kuongezeka walipewa samaki na ndege, siku ya tano, kabla mwanadamu hajaumbwa. Tunaliamini hilo na linatupa furaha. Lakini kumjibu kwa andiko mtu aliyebeba ndoo usiku ni namna ya kumnyamazisha, nasi tuliona swali lake limetoka mahali pa haki. Tulimwambia tutafikiri. Jumapili iliyofuata tulimweleza tulichoamua: samaki watatumia maji ya mvua tu, yale ya simtanki letu, na tumechora alama ya mkaa ubavuni mwake. Maji yakifika kwenye alama, yaliyobaki ni ya watu, ya kwetu na ya atakayebisha hodi. Samaki wataondoka.

Mayu alikuja mwenyewe kuiona alama. Aliikagua, kisha akaingia sebuleni. Kulikuwa na jike mmoja pembeni, taya limejaa.

"Huyu anaumwa?"

"Ana mayai kinywani, mayu. Leo siku ya kumi na moja hajala."

Alivuta kiti, akakaa karibu na kioo. Hatukusema kitu kwa muda.

"Mwaka wa njaa," akasema, "tulikuwa tunapika michembe, tunawapa watoto, tunajifanya tumeshiba. Mtoto wangu mkubwa ndiye aliyegundua." Akamtazama tena yule samaki. Alipoinuka kuaga alitushika mikono wote wawili: "Lakini alama yenu isisogezwe."

Haijasogezwa. Tunaandika haya mwezi Oktoba, mawingu yanapita tu, na maji yamebaki vidole vitatu juu ya mkaa. Jike mwingine ana mayai, siku ya saba. Ndoo mbili zenye mifuniko zimeshaoshwa, rafiki yetu wa Lamadi aishiye karibu na ziwa amekubali kuwapokea, na kondakta wa basi ameahidi kutuwekea nafasi nyuma ya dereva, pasiporuka sana.