Upatu wa simu na haki ya mgonjwa

Sisi akina mama kumi na wawili wa mtaa mmoja tulicheza upatu kwa miaka mingi. Kila Ijumaa baada ya Alasiri tulikutana barazani, na kabla ya kuhesabu fedha tulijuliana hali. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoingia Tanzania mwaka 2008, tuliiona kuwa ni rehema, wala hatukukosea: mali ya mwanamke, ambayo sheria ya Kiislamu imemhifadhia, ilipata kasha lenye namba ya siri. Taratibu baraza likanyamaza.

Mwaka jana mwenzetu aliugua majuma matatu. Mchango wake ulifika kila Ijumaa, kwani bintiye aliutuma. Nasi tukadhani yu mzima. Kumzuru mgonjwa ni haki ya Muislamu juu ya mwenzake, nasi tulikuwa tumeisahau. Tulipomwendea hatimaye, alituuliza kwa upole kama fedha zilikuwa zikifika. Tuliinamisha vichwa.

Simu hatukuitupa, fedha zingali zikipita humo. Ila kila Ijumaa baada ya Alasiri tunakwenda kwa miguu nyumbani kwa mwenye zamu, na asiyeonekana tunamfuata.