Jumba la Kurukia na Karatasi ya Mlangoni

Jumapili moja nilifuatana na mjukuu wangu, mtoto wa miaka minane, kwenda kwenye jumba la michezo lililoko katika vitongoji vya kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam. Kutoka Temeke tulipanda daladala mbili, na njia nzima hakukoma kuniuliza, "Babu, bado tu?"

Jumba lenyewe lilifanana na ghala: paa la bati lililoinuka juu sana, na chini yake trampolini zimepangwa ukingo kwa ukingo kama vigae vya sakafu. Trampolini ni kitambaa kigumu kilichowambwa kwa springi ndani ya fremu ya chuma. Mmarekani George Nissen aliiunda katika miaka ya 1930 huko Iowa, akaipa jina kutokana na neno la Kihispania lenye maana ya ubao wa kurukia majini. Mwaka 2000 mchezo huo uliingia katika Olimpiki ya Sydney.

Mlangoni nilipewa karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza, herufi ndogo kama mchwa. Nyuma yangu foleni ilikuwa ndefu, na mtoto alikuwa akinivuta mkono. Nikatia saini bila kusoma.

Ukutani palikuwa na tangazo: mtu mmoja kwa kitambaa kimoja. Amri hiyo ina sababu yake. Mtu mzito akitua karibu na mtoto mwepesi, kitambaa humrusha yule mwepesi kwa nguvu ambazo si zake, wala hawezi kuzitawala. Watoto walikuwa kama thelathini, na mlinzi alikuwa mmoja, macho yake kwenye simu. Kijana mmoja mwenye kimo cha mtu mzima akarukia kitambaa cha mjukuu wangu. Mtoto alipaa, akageuka hewani, akaangukia ukingoni, mahali ambapo godoro la kufunikia springi lilikuwa limesogea. Mfupa wa mkono ukavunjika.

Msimamizi alikuja na barafu, kisha akaja na karatasi. "Pole sana, mzee," alisema kwa adabu, "lakini ulitia saini kwamba hutatudai."

Usiku ule, mtoto amelala na plasta yake, sikupata usingizi. Je, kweli nilikuwa nimeiuza haki yake kwa mkwaruzo mmoja wa kalamu? Asubuhi nilikwenda kwa jirani yetu, wakili mstaafu, naye akanifungua macho.

Alisema kwamba mahakama zetu zilirithi kanuni za sheria ya Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Miongoni mwake imo hukumu ya mwaka 1866. Fundi wa mabomba ya gesi aliingia kazini katika kiwanda cha sukari mjini London, akatumbukia katika shimo lisilo na uzio. Mahakama ikaamua kwamba mwenye mahali hana budi kuwakinga kwa uangalifu wa kadiri wale wanaoingia kwa shughuli zinazomhusu, dhidi ya hatari anayoijua au aliyepasa kuijua. Aliyelipa kiingilio yumo katika kundi hilo.

Kwa watoto, uangalifu huo hupimwa kwa akili ya mtoto. Mwaka 1922, katika shauri la mtoto wa miaka saba aliyekufa kwa kula matunda ya sumu katika bustani ya umma mjini Glasgow, waamuzi walikubali kwamba dai la baba yake lilistahili kusikilizwa, kwa kuwa matunda yale yaling'aa na kumvuta mtoto pasipo onyo lolote. Hukumu hiyo haizifungi mahakama zetu, lakini hoja yake ina uzito.

"Na saini yangu?" niliuliza.

"Mtoto hajatimiza miaka 18, kwa hiyo hawezi kufunga mkataba. Nawe usidhani kwamba kalamu yako imekwisha kumfungia mlango. Huko New Jersey, mwaka 2006, mahakama kuu ya jimbo ilikataa saini ya mzazi kumnyima mtoto haki ya kudai." Aliongeza kwamba muda wa kudai fidia ya madhara ya namna hii ni miaka mitatu, na kwa mtoto huanza kuhesabiwa atimizapo umri wa utu uzima. Lakini alinionya pia: anayedai ndiye anayethibitisha uzembe. Mtoto akianguka hali kila kitu kiko sawa, hiyo ni ajali ya mchezo, na lawama huweza kugawanywa.

Bahati njema nilikuwa na picha ya godoro lililosogea, majina ya wazazi wawili walioshuhudia na vyeti vya hospitali. Nilimwandikia mwenye jumba barua ya heshima. Baada ya wiki mbili alilipa gharama zote za matibabu, na magodoro yakafungwa kwa kamba.

Mkono umepona, na mjukuu wangu anaomba turudi. Nitampeleka, maana mtoto asiyecheza hakui. Ila safari hii nitafika mapema, niisome karatasi hadi mwisho, nihesabu walinzi na kugusa kila godoro kwa mkono wangu, kabla hajavua viatu.