Mchanga wa Jambiani

Utotoni mwangu, mazoezi ya timu yetu ya mpira pale Jambiani, kusini mashariki mwa Unguja, yalipangwa na mwezi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, maji hutoka asubuhi yakaenda mbali, na ikifika saa kumi alasiri yameshajaa hadi karibu na mizizi ya mivinje. Wiki ikipita, yakiwa maji mafu, saa ile ile ya alasiri maji yametoka na ufuko uko wazi, mgumu chini ya unyayo. Tulipotoka chuo cha Kurani jioni tulikuwa tumeshajua kama leo ni mpira au ni mchanga mkavu.

Maji mafu yalikuwa raha. Tulichomeka vijiti vya goli, tukacheza mpaka adhana ya magharibi. Bamvua uwanja wetu ulikuwa chini ya maji, tukabaki na ukanda mwembamba wa juu, ule mchanga mweupe, mlaini kama unga, ambao jua limeuchoma mchana kutwa. Mwalimu wa skuli aliyetufunza hakutupa ruhusa ya kwenda nyumbani. Tulivua malapa, tukakimbia kutoka yalipopandishwa madau hadi mnazi wa mwisho uliokuwa unaonekana, tukarudi. Unakanyaga, mguu unazama. Unasukuma, mchanga unakimbilia nyuma. Mashavu ya miguu yalituwaka moto, na vidole vilijifunza kushika ardhi.

Mwalimu alipenda kututajia Herb Elliott wa Australia, ambaye kocha wake, Percy Cerutty, alimkimbiza kwenye vilima vya mchanga vya Portsea. Mwaka 1960 Elliott alikwenda Roma akatwaa dhahabu ya Olimpiki ya mita 1,500 kwa rekodi ya dunia, dakika 3 na sekunde 35.6. Hatukujua Portsea iko upande gani wa dunia, lakini mchanga tuliujua vizuri, na jina lile lilitusukuma.

Mwalimu alikuwa na amri nyingine ambayo maana yake niliielewa ukubwani. Ufuko una mteremko, na anayekimbia akiwa na bahari kushotoni, mguu wa kushoto unakanyaga chini zaidi kuliko wa kulia. Kwa hiyo alitukataza kurudi kwa njia ya kijijini. Turudi pale pale mchangani, ili mguu uliokuwa juu uwe chini, nyonga zisije zikauma upande mmoja.

Mwaka 1998 watafiti wa Ubelgiji walichapisha vipimo vilivyoeleza moto ule wa miguu yetu. Kukimbia mchangani kunataka nguvu mara 1.6 ya kukimbia mahali pagumu kwa kasi ile ile. Kutembea ndiko kunakoongezewa uzito zaidi: mara 2.1 hadi 2.7 ya kutembea mahali pagumu. Mahali pagumu, kano za mguu huvutika, zikaweka nguvu na kuirudisha katika hatua hiyo hiyo. Mchanga unaposogea, nguvu nyingi hupotelea humo, na misuli inalazimika kutoa nyingine. Hata hivyo kishindo kwenye goti na kifundo ni kidogo. Tulianguka mara nyingi tukacheka. Uwanja wa skuli, wenye mawe, ulituchuna ngozi.

Niliposoma tarakimu zile za kutembea niliwafikiria mama zetu. Kilimo cha mwani kiliingia pwani yetu mwishoni mwa miaka ya 1980, na kila bamvua, maji yakitoka asubuhi, wanawake walishuka na kamba zao. Walirudi na magunia ya mwani mbichi kichwani, wakatoka majini, wakavuka mchanga mbichi, wakamalizia na ule mkavu wa juu, ambao sisi tuliulalamikia mikono mitupu. Sisifu mzigo ule. Uliwaumiza migongo, na malipo yake yalikuwa madogo. Lakini kwa miguu na pumzi, hapakuwa na kijana wa timu yetu aliyewafikia, na wanastahili kutajwa kabla yetu.

Msomaji, ukiwa karibu na ufuko, usiuache uwe wa kupigia picha tu. Anza kwa kutembea kwenye mchanga mbichi ulio karibu na maji. Mwili ukizoea, panda kwenye mchanga mkavu kwa dakika chache, uongeze kidogo kila wiki, kwa sababu kano ya kisigino huchelewa kuzoea kuliko misuli. Ikiwa kano hiyo inakuuma tayari, ngoja ipone kwanza. Nenda asubuhi au jioni mchanga ukiwa umepoa, tazama vigae vya chupa, urudi kwa njia uliyokwendea. Mwenye kisukari asivue viatu.