Wachelewaji wa Leo

Kuluba, Koboko, Uganda

Kwa mpwa wangu mwalimu,

Magoti ya mama yako ni yale yale, muhogo umekubali, na baba yako bado anadaiwa ng'ombe wawili wa mahari, lakini hayo si ya barua hii.

Naandika kwa sababu ya picha. Mdogo wako alinionyesha kwenye simu yake: watoto watano ufukweni huko Watamu, kila mmoja na gunia la taka, na chini yake umeandika, "Wachelewaji wa leo." Waliokuwa nami kibarazani walicheka wakakusifu, mwalimu mkali. Mimi sikucheka. Nimeambiwa pia kwamba mwenye shule ndiye aliyetoa amri kwamba wachelewaji waokote taka. Awe yeye, uwe wewe, nauliza: kuokota taka za baharini kumekuwa fimbo?

Unakumbuka nilikuwa mwenyekiti wa kijiji, LC1, hapa. Anayekuambia niliangushwa kwa ajili ya mabati ya zahanati, mwambie hesabu ya mabati ninayo sandukuni mpaka leo. Wakati ule vipakiti vya waragi vilitapakaa kila njia, maana serikali ilikuwa haijavipiga marufuku. Hilo lilikuja 2019. Na juu ya vipakiti, kaveera nyeusi, hiyo mifuko ya plastiki. Nikatunga sheria yangu. Mtoto akiiba embe, akipigana kwenye foleni ya pampu, akimjibu mkubwa vibaya, aokote gunia moja la taka alilete kwangu nilione. Haikupita miezi mitatu kijiji kikang'aa. Watu wa vijiji vya jirani walikuja kutazama, nami nikatembea kifua mbele.

Ikaja mvua ya Agosti. Mfereji wa karibu na pampu ukaziba kwa kaveera, maji yakageuka, yakaelekea nyumbani kwa yule mjane wa kona. Chini ya mwembe walikaa watoto wanne wamejikinga mvua. Nikapaza sauti, "Njooni mtoe hiyo kaveera!" Wakatazamana. Mdogo wao, mtoto mwenye adabu, hata hakuwa mtundu, akasimama vizuri akaniambia, "Mzee, leo mimi sina kosa."

Nilivua viatu nikaingia mferejini mwenyewe, umri ule. Debe zima la unga wa mjane lililowa. Nilikata kijiti nimchape yule mtoto, kisha nikakitupa, kwa kuwa alikuwa ameshika somo langu sawasawa kuliko wote. Siku hizi ni kijana mzima, anaendesha bodaboda stendi ya Koboko. Taka ikiwa mbele ya tairi lake anaizunguka, kama mtu anayekwepa mahabusu.

Sasa rudi kwenye picha yako. Wale watano watakua. Siku wasiyochelewa, nani ataokota?

Na kinachoniuma zaidi ni kwamba unajua njia nyingine. Ulipokuja likizo uliwakusanya watoto wa hapa uani, ukawasimulia kasa anavyoukuta mfuko unaelea, akadhani ni yavuyavu, chakula chake, akaumeza. Ukawaeleza habari za wale wa Local Ocean Conservation wanaofanya kazi hapo hapo Watamu tangu 1997, jinsi mvuvi akinasa kasa wavuni anavyowaita badala ya kumchinja. Watoto walinyamaza, hata mbuzi walisahauliwa wakaingia kwenye maharage yangu. Iweje sisi wa bara utupe hadithi ya kasa, na wanafunzi wako, wenye bahari mlangoni, uwape gunia?

Yule kasa alifanya kazi hapa. Mtoto wa dada yako aliniuliza kama kaveera yake inaweza kumfikia. Nikampeleka Oraba, tukasimama juu ya mto Kaya. Nikamwambia haya maji yanaingia Nile, yanapita Juba, yanapita Khartoum, yanapita Misri, ndipo yanamwagika Mediterania. Kaveera nyingine itanasa kwenye majani ya kinamasi cha Sudd, nyingine itagota kwenye ukuta wa bwawa la Aswan, lakini mto haurudi nyuma. Akafikiri, akasema, "Kumbe bahari yetu iko Misri." Waambie wanafunzi wako kwamba huku Kuluba nasi tuna bahari, ila iko mbali kidogo. Wala msitucheke. Ninyi Kenya mlipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi Agosti 2017 na sokoni ikaadimika. Sisi tulianza kuitangazia vita 2007, na jana nimefungiwa samaki mkavu ndani ya kaveera.

Mdogo wako alinionyesha pia lile jahazi la Lamu, Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki ya kuokota, tani kumi, na kufunikwa malapa elfu thelathini, rangi zote. Fundi Ali Skanda na wenzake walilishusha majini 2018, mwaka uliofuata likaenda hadi Zanzibar, na 2021 hilo hilo likazunguka Ziwa Victoria mpaka huku Uganda. Nilipokuwa turniboi wa malori ya Mombasa niliona majahazi mengi, hilo la malapa ningelipanda. Nani katika mafundi wale aliokota lapa kwa kuwa amechelewa?

Mengine mafupi. Wavae glavu, ufukweni kuna vioo na sindano. Usiwapeleke bamvua maji yakijaa. Mama yako mpigie Jumapili, si usiku. Anayekuomba mkopo kwa simu, hata akijiita binamu yako, mwambie aje kwangu.

Jumamosi ijayo beba gunia wewe mwenyewe, mwite na mwenye shule, kisha nitumie picha nyingine. Nitaitazama kwanza mikono yako.

Na katika ile ya mwanzo, yule wa mwisho kushoto, aliyegeuza uso kamera ilipomfikia, anaitwa nani? Nijibu hilo kabla ya yote.

Mjomba wako