Diani: Kwenda Rahisi, Kurudi Ndiyo Kazi

Ukivuka Likoni na kushika njia ya kusini kwa kilomita 30 hivi, utafika Diani. Ufuo wake mweupe umesifiwa sana, lakini leo tunakualika utazame baharini, kati ya ufuo na mwamba. Utaona matanga ya rangi rangi, kila moja limesimikwa juu ya ubao, na juu ya ubao kuna mtu mmoja. Mchezo huu uliingia katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984.

Kwenda ni rahisi. Anayeanza husukumwa na kusi au kaskazi akafurahi, kisha hutazama nyuma na kuona alikotoka ni mbali, na upepo unatoka huko huko. Asipojua kubisha, atarudi kwa miguu akiburura ubao.

Mabaharia wetu wanalijua neno hilo tangu zamani. Hakuna chombo cha tanga kinachokwenda moja kwa moja kuelekea utokako upepo. Hwenda mshazari, kikageuka, kikaenda mshazari tena. Jahazi, kwa uzito wa foromali yake, aghalabu hugeuka kwa kuupa upepo tezi. Ubao ni mwepesi, waweza kuupita upepo kwa omo. Hapo ndipo wengi hulowa.

Je, utafanyaje? Ubao hauna usukani. Tanga ndilo usukani. Liinamishe nyuma, na omo itaanza kuelekea upepo. Shika mlingoti kwa mkono wa mbele. Omo ikishaukabili upepo, zunguka mbele ya mlingoti kwa hatua ndogo, miguu ikae karibu nao. Kamata tanga upande wa pili, liinamishe mbele, na ubao utashika njia mpya.

Usisite katikati. Mbele ya mlingoti ubao ni mwembamba na mwendo umekwisha. Ukisimama kufikiri, utafikiria majini.

Ukitaka kujaribu, tafuta mwalimu, vaa jaketi la kuokolea maisha na viatu vya mpira, na ungoje maji yajae, kwani yakipwa matumbawe hukaribia kabisa.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Walisema kweli, msomaji, lakini ukifika mbele ya mlingoti, harakisha!