Wageni Wetu kutoka Longech



Ndugu wasomaji, na hasa akina mama mnaousoma ukurasa huu baada ya sala ya Ijumaa, juma hili twawaomba radhi tuliweke kando somo letu la mirathi. Siku kumi nzima tumeshughulishwa na kazi moja, nayo ni kuwatafutia wageni hoteli katikati ya mji wa Mombasa. Mtu aweza kusema hilo ni jambo dogo. Nasi tulidhani hivyo.

Binti wa marehemu ndugu yetu ameposwa. Baba hayupo, babu hayupo, na mdogo wake wa kiume hajabaleghe, basi uwalii umetuangukia sisi ammi yake. Kijana mposaji ni fundi wa majokofu huko Kilindini, na kwa miaka minne amekuwa akihudhuria darsa zetu baada ya Magharibi. Kwao ni Longech, kule Turkana. Nikaha ni mwezi wa Shawwal inshaallah, na kutoka kwao watakuja watu tisa.

Katika kikao cha familia, swali la kwanza lilikuwa watalala wapi. Nyumba yetu ya Mji wa Kale ni nyembamba, na siku za harusi itakuwa imejaa shangazi, wapishi na masufuria ya kukodi. Ikakubaliwa watafutiwe hoteli mjini. Hapo jamaa yetu mmoja akasema, "Tafuteni vyumba vya rahisi kule nyuma ya stendi ya mabasi. Watu wale wamezoea kulala mchangani." Baadhi wakacheka. Shemeji yetu, mama wa bibi harusi, hakucheka. Yeye na sisi tumeuona mchanga huo.

Mwaka jana, baada ya Maulidi, tulifunga safari kwenda kuwauliza watu wa kijana, kama ilivyo desturi kabla ya kutoa jibu. Shemeji alifuatana na kaka yake ili awe na mahramu njiani. Kutoka Mombasa hadi Lodwar ni zaidi ya kilomita 1,100: treni hadi Nairobi, basi hadi Kitale, kisha barabara yashuka kutoka milima ya Pokot hadi kwenye joto ambalo sisi watu wa pwani, tunaojisifu kwa kulijua joto, tulilinyamazia. Lodwar tulilala usiku mmoja. Kutoka hapo hadi Kalokol, karibu na Ziwa Turkana, ni kama kilomita 60, na kando ya njia zimesimama nguzo za mawe ziitwazo Namoratunga, zilizosimikwa na watu wa kale maelfu ya miaka iliyopita. Dereva alitusimulia kwamba mawe yale yalikuwa watu waliokuwa wakicheza ngoma. Walionywa wasicheke, wakacheka, wakageuzwa mawe. Hatulisemi hili kwa kuliamini. Lakini kikaoni, kicheko kilipopigwa, picha ya mawe yale ilitujia.

Longech ni ulimi wa mchanga baina ya ziwa kubwa na Ghuba ya Ferguson. Mashua ilituvusha kutoka upande wa Kalokol. Upepo wa kule hauna adabu: huanza usiku, huvuma hadi asubuhi, na hutia mchanga ndani ya chai. Nyumba nyingi ni za makuti ya mikoma, zimejengwa mviringo, na shemeji yetu, ambaye amesuka mikeka tangu udogo, alikaa na wanawake wa pale akitazama wanavyosuka vikapu kwa majani yale yale. Hawakuwa na lugha ya kutosha baina yao, wala hawakuihitaji. Kwa saa mbili walioneshana vidole.

Ziwa lile, wasomaji wetu, halina makazi ya kudumu. Maji yake mengi hutoka Ethiopia kwa mto Omo, na hayana mlango wa kutokea baharini, kwa hiyo hupanda na kushuka kwa namna ambayo bahari yetu haiwezi kutufanyia. Mapema katika miaka ya 1980 serikali ya Norway iliwajengea watu wa Kalokol kiwanda kikubwa cha kugandisha samaki. Ilipofika wakati wa kazi ikaonekana kwamba kuipoza mitambo katika joto lile na kupata maji safi ya kutosha ni gharama isiyobebeka, kikafanya kazi siku chache tu. Na baada ya muda mfupi Ghuba ya Ferguson yenyewe ikakauka. Babake kijana amelitazama jengo lile tangu utoto wake. Pengine ndiyo maana mwanawe alikwenda kusomea majokofu, hatukumuuliza. Katika ulimi huo huo wa mchanga palikuwa na hoteli ya watalii waliokuja kuvua samaki kwa mchezo. Mwenyeji wetu alituonyesha mabaki yake, akasema kwamba mwenye hoteli alijenga ziwa likiwa hapa, kisha ziwa likaenda kule. Siku hizi limerudi, tena kwa nguvu. Tangu mwaka 2020 hivi maji yamepanda, yameingia kwenye nyumba za watu, na tuliona mikoma imesimama majini imekufa.

Tulikaa siku tatu. Mama wa kijana alimwachia shemeji yetu nyumba yake, naye akalala nje na binti zake kwenye upepo ule. Sisi wanaume tulipewa kibanda cha wavu na nyuzi, kikafagiliwa kwanza. Upande mmoja wa uwanja mwenyeji alikuwa amepanga kokoto kwa mstari kuonyesha kibla, kaskazini na kuelekea mashariki kidogo, na tulipopima tuliukuta mstari wake sawa. Alisilimu Lodwar akiwa kijana; mama yake mzazi na ndugu zake wawili ni Wakristo, na wote wanaishi uwanja mmoja bila ya mtu kumkera mwenzake. Alimchinja mbuzi mbele ya macho yetu, akatamka bismillah kwa sauti, ili tusije tukala huku nyoyo zina wasiwasi.

Maji ya ziwa lile yana magadi, na wanaoyanywa kwa miaka meno yao hugeuka rangi. Siku zote tatu tulinyweshwa maji matamu. Siku ya pili tu ndipo kaka wa shemeji alipogundua kwamba yaliletwa kutoka Kalokol, dumu mbili kila asubuhi kwa mashua, na kwamba wenyeji wetu wenyewe walikuwa wakinywa ya ziwa. Na kabla hatujaondoka Mombasa, mzee yule alikuwa amempigia mwanawe simu mara nne. Je, sheikh hula samaki mkavu? Wanawake wa kwenu hula pamoja na wanaume, au mbali? Mgeni wa kike apewe nyumba yenye mlango wa upande gani? Kuna mgonjwa kati yao?

Basi kwa deni hilo tukaingia mjini kutafuta hoteli, tukifuatana na mwenzetu wa nyumbani, kwa kuwa mwanamume huangalia kitanda na mwanamke huangalia choo.

Hoteli ya kwanza ilikuwa nzuri ya kupendeza, ina vioo na lifti, na wafanyabiashara wenye mikoba walikuwa wakiingia na kutoka. Lakini baa iko chini kabisa, ubavuni mwa ngazi, na kila anayepanda chumbani lazima apite mbele yake. Tulishukuru tukatoka. Ya pili haiuzi pombe, ina chumba cha kusalia, na kwenye dari ya kila chumba kimebandikwa mshale wa kibla. Hapa Mombasa kibla ni rahisi, ni kaskazini takriban kamili, na mtoto wa chuoni hakosei. Katika vyumba viwili vinavyoshirikiana ukuta mmoja tuliikuta mishale ikielekeana, huu unaitazama Nyali na ule unaitazama Likoni. Msimamizi alicheka, akaahidi kurekebisha. Kilichotuondoa hapo ni maji. Mwenzetu alifungua bomba la bafuni saa tano asubuhi, likakohoa kisha likanyamaza. Akina mama, msiridhike na picha wala bei. Fungueni bomba. Ulizeni tangi lao lina siku ngapi mji ukikatiwa maji, na kama yatokayo ni ya kisima cha chumvi. Tazameni kama chooni pana kopo au mpira wa kutawadhia. Na ulizeni soseji za kifungua kinywa ni za nini, kisha mwulizeni mpishi mwenyewe.

Ya tatu iko karibu na msikiti, na chini hapana ila mkahawa wa biriani. Ina maji. Tukakaa mapokezi kupatana.

Hapo tukajifunza mambo mawili. Wageni wetu watakuja kwa basi la usiku kutoka Nairobi, nalo huingia mjini alfajiri. Hoteli hutoa vyumba kuanzia saa nane mchana. Maana yake wazee waliosafiri siku tatu wangekaa kwenye viti vya mapokezi saa tisa, na mizigo miguuni. Njia ni kuulipia usiku uliotangulia, au kupatana nao waachie walau vyumba viwili mapema. Sisi tulipatana viwili, tukataka iandikwe kwenye risiti. Jambo la pili ni kwamba kila mtu mzima lazima aonyeshe kitambulisho. Tulikubali bila kufikiri.

Tukahesabu na siku. Watafika Jumatano na kuondoka Jumapili, yaani siku kamili tatu ukiacha ya kuingia na ya kutoka. Kwa madhehebu yetu ya Shafi hawajawa wakaazi, na walio Waislamu kati yao wataweza kupunguza sala zao. Baadhi ya jamaa walitaka wabaki hadi Jumatatu. Hilo lingekuwa siku kamili nne, na hukumu ingebadilika. Tuliona wenyewe waamue.

Jioni ile, tukiwa tumeridhika na kazi yetu, tulimpigia simu mzee kumpa habari njema: vyumba vitano, ghorofa ya tatu, kila kimoja kina feni na televisheni. Akashukuru sana. Kisha akanyamaza kidogo.

"Sheikh, usichukie. Naweza kuuliza?"

Tukamwambia aulize.

"Hiyo ghorofa ya tatu, mama atapanda na nini?"

Lifti, tukasema. Akacheka kwa upole, akasema mama yake hajawahi kuingia kwenye sanduku na hataanza sasa. Tena amezoea kulala anapowasikia watoto wake. Chumba chenye mlango uliofungwa, peke yake na mkwewe, kingemtia hofu. Mto asitafutiwe, kila mzee wao huja na ekicholong yake, kigoda kile kidogo cha mti wanachokikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. "Na kuna neno lingine," akasema, "mama hana kitambulisho. Maji yalipoingia nyumbani yalikichukua, pamoja na vitu vingi. Tumeandikisha kingine, bado hakijatoka."

Wasomaji wetu, tulikuwa tumekagua mabomba, dari na soseji. Yeye alitupigia simu nne kabla hatujaondoka Mombasa; sisi hatukumpigia hata moja kabla ya kulipa arubuni.

Mwenzetu alikuwa akisikiliza. Akasema bibi atalala naye hapa chini, chumba cha mbele, kwenye mkeka, mlango wazi kuelekea kiwanja cha ndani, na wajukuu wake wawili wa kike walale hapo hapo. Shangazi wa kupika watapanda juu, hata wakinung'unika. Tulipomkumbusha kwamba bibi si Mwislamu alitutazama kama aliyeulizwa jambo lisilo na maana, akauliza kama anakunywa chai ya maziwa au ya rangi. Hatukujua. Alichukua simu akauliza mwenyewe.

Siku ya pili tukarudi hotelini. Vyumba vikawa vitatu badala ya vitano, ghorofa ya kwanza, vinavyofuatana, kwa watu sita waliobaki. Arubuni ya vile viwili haikurudishwa. Imekatwa kwenye kifungua kinywa, nasi tumeridhika. Jamaa yetu aliyesema neno la mchanga ndiye mwenye gari kubwa, kwa hivyo tulimwomba awapokee stendi alfajiri ile. Alikubali. Baada ya siku mbili akatupigia kuuliza kama wazee wale huona vibaya wakipokelewa na mtu asiyejua hata salamu ya kwao, na kama kijana aweza kumfundisha.

Limebaki moja. Mzee ameleta habari kwamba watakuja na zawadi ya harusi: magunia mawili ya samaki mkavu, mbuta na ngege, waliokaushwa kwa jua la Longech. Tulimweleza mpokeaji wa hoteli kwa maneno ya staha kadiri tulivyoweza. Alivuta pumzi, akasema kwa heshima zote, sheikh, vyumbani hapana. Basi samaki pia watalala kwetu, juu darini, na paka wa mtaa wameshaanza kukaa barazani.