Mashine Namba Moja ya Miyomboni

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha kuihudumia Windows 10, na kabla mwezi haujaisha habari ilikuwa imeshafika Mbeya ikiwa imebadilika sura. Pale Kabwe nilimkuta fundi kijana akimweleza mwalimu mkuu wa sekondari moja kwamba kompyuta zote za chumba chao cha TEHAMA zimekufa. Windows 11 haizitaki, alisema, prosesa zake ni za zamani na hazina ile chipu ya usalama, TPM 2.0. Mwalimu alikuwa na daftari mkononi, anaandika bei za mpya.

"Mdogo wangu, mashine si zinawaka?" nikamuuliza.

"Shikamoo kaka. Zinawaka, ila hazina maisha tena."

"Marahaba. Linux umeshawahi kuipiga?"

"Si ya wadukuzi ile? Chuoni tuliisikia tu."

Aliyasema hayo ameshika simu ya Android, ambayo kiini chake ni Linux ileile iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki. Kijana ana diploma na mikono yake ni mizuri, nimeona akibadilisha kioo cha simu bila kutetemeka. Hakuna aliyemwonyesha, basi. Wala hakudanganya kwa makusudi. Kompyuta iliyokosa masasisho haifi, inabaki bila kinga mpya, na kinga hiyo inapatikana bure kwa njia nyingine. Wenzetu Ulaya mwaka huohuo waliendesha kampeni ya kuwasaidia watu kuweka Linux kwenye mashine hizohizo badala ya kuzitupa. Kilichoniuma ni kwamba mzee mmoja wa Iringa, aliyekuwa hana cheti chochote cha kompyuta, aliyajua haya zaidi ya miaka kumi na mitano iliyopita na akayagawa kwa kila aliyeingia dukani kwake.

Duka lenyewe lilikuwa Miyomboni, steshenari ya chumba kimoja kirefu chenye mlango mwembamba. Mwenyewe alikuwa mpiga chapa mstaafu wa serikali, na sisi wanafunzi tulimwita Mzee wa Stensili kwa sababu alikataa kuiuza mashine yake ya kudurufu hata baada ya kununua kompyuta. Shule za vijijini, alisema, bado zinaleta mitihani ya kudurufu, na karatasi ya stensili haijali umeme wa mgawo. Ilikuwa imekaa pembeni, nyeusi, na mkono wake wa chuma uliong'aa kwa kushikwa.

Harufu ya duka lile naikumbuka kuliko sura za wengi niliosoma nao. Asubuhi ya Juni, Iringa ikiwa na ule ubaridi wake unaokata masikio, ulikuwa ukisukuma mlango unapokelewa na wino wa stensili, harufu nzito yenye mafuta, halafu ukali wa yale maji mekundu ya kufutia makosa. Nyuma yake ilikuja harufu ya vumbi linaloungua taratibu kwenye migongo ya monita za zamani, zile nene, ambazo tulikuwa tukisogezea viganja vyetu kupata joto. Umeme ukikatika, moshi wa jenereta uliingia kupitia chini ya mlango na kuzifunika zote. Mpaka leo nikipita mahali panapodurufiwa karatasi, naitafuta.

Wateja wake walikuwa wa kila aina. Wanafunzi wa Tumaini, chuo ambacho leo kinaitwa Chuo Kikuu cha Iringa, tulipeleka tafiti zetu. Akina mama walileta katiba za vikundi vya kuweka na kukopa. Wazee walikuja na barua za mirathi na mashamba, wakakaa kwenye benchi na kuzisema kwa sauti, naye akichapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama vitufe. "Kamwene," alimsalimu kila aingiaye, awe Mhehe, Mbena au mgeni kutoka Dar.

Balaa la miaka ile lilikuwa flashi. Intaneti ilikuja kwa dishi, polepole na kwa gharama, kwa hiyo watu walibeba kazi zao mfukoni: kutoka chuoni kwenda kwenye mgahawa wa intaneti, kutoka hapo kwenda steshenari, kisha chuoni tena. Virusi vilisafiri nazo. Ulikuwa ukichomeka flashi, mafolda yako yote yametoweka na mahali pake pana vitu vyenye majina yaleyale, ila ukivibofya unaiambukiza mashine nzima. Nilimwona dada mmoja wa mwaka wa tatu akilia juu ya kaunta, utafiti wake haupo, siku ya kukabidhi ni kesho. Kila mwisho wa wiki alikuja fundi kupiga Windows upya kwa CD ya kunakili, yenye namba ndefu iliyoandikwa juu yake kwa kalamu ya wino mzito, akalipwa, akaondoka. Jumatano mashine zilikuwa zimeshaambukizwa.

Mwanafunzi wa kompyuta ndiye aliyemletea Mzee ile CD. Ilitoka posta. Wasiokuwepo wataona ajabu, lakini Canonical, kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa na utaratibu uitwao ShipIt: unajaza jina na sanduku lako la posta kwenye tovuti, baada ya wiki kadhaa unaitwa dirishani kupokea bahasha yenye CD za Ubuntu na stika, bila kulipa hata nauli. Nimehakiki mwaka kwa CD niliyobaki nayo. Imeandikwa 6.06, yaani Juni 2006, kwa hiyo haikuwa kabla ya hapo.

Mzee hakuvutiwa na neno bure. Alikuwa ameona vingi vya bure vinavyokuja na masharti. Alichokipenda ni kwamba CD ile ilifanya kazi bila kuwekwa: unaiingiza, unawasha, kompyuta inasoma kila kitu kutoka kwenye CD, ukiitoa hakuna kilichobadilika. Akaijaribu kwenye mashine iliyokuwa karibu na mlango. Akachomeka flashi ya yule dada. Mafolda yakatokea yote. Virusi vile vya Windows vilikuwa vimeyaficha tu, na Linux haijali alama ile ya kuficha, inaonyesha kila kilichomo pamoja na virusi vyenyewe, faili la autorun na vile vijitu vyenye majina ya mafolda, vimelala pale bila nguvu yoyote. Mzee akavifuta kimoja kimoja kwa kipanya, akiuliza kila mara, "Na hiki?" Utafiti ukarudi mzima.

Kesho yake kulikuwa na karatasi ya manila ukutani, kwa mwandiko wake wa kikarani: FLASHI ZOTE ZIANZIE MASHINE NAMBA MOJA. HAKUNA MALIPO. Chini yake sanduku la viatu lenye CD, na maelezo: chukua moja, choma nyingine, rudisha. Watu walirudisha. Sanduku lile halikuwahi kuwa tupu nilipokuwa Iringa. Na hakukuruhusu umwachie flashi uende zako. Ilikupasa ukae, uone kilichofanyika, ufute mwenyewe. "Ukijua, hutarudi kunisumbua," alisema, ingawa tulirudi kila siku na alifurahi.

Programu ya pili aliyoipenda ilitoka kwetu. Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na wataalamu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandika barua, kupanga hesabu na kutengeneza maonyesho, yote kwa Kiswahili. Ilimfikia Mzee kwa CD iliyoletwa na basi. Aliiweka kwenye mashine zote zilizobaki na Windows. Faida niliiona kwa macho: mama mmoja katibu wa kikundi, aliyezoea kukaa benchi akisubiri kuchapiwa, alivuta kiti, akasoma amri moja baada ya nyingine, akachapa kumbukumbu za kikao chake hadi mwisho. Polepole, kwa vidole viwili. Alilipa pesa ya kukodi mashine tu, hakulipa ya kuchapiwa, na Mzee alimsindikiza mlangoni.

Haikuwa ajabu mambo haya kupata mizizi Nyanda za Juu Kusini. Martin Benjamin, Mmarekani aliyeanzisha kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni mwaka 1994 akiwa Chuo Kikuu cha Yale, alifanya utafiti wake Malangali, Mufindi. Kamusi ile ilijengwa na watu wa kujitolea walioleta maneno mmojammoja kutoka kila pembe, na Wikipedia ya lugha yoyote ilikuwa bado haijazaliwa.

Nilipohitimu nilirudi Mbeya na mkoba wa CD. Nilizigawa Uhindini, Mwanjelwa, Mafiati. Wengine walizipokea, wengi waliuliza kama zina nyimbo. Mbeya ni mji wa biashara, muda wa mtu ni pesa yake, na mtu wa kukaa na mteja nusu saa kumwonyesha jinsi ya kufuta virusi hakupatikana. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kilichofanya kazi Miyomboni hakikuwa CD.

Yaliyofuata yalienda mbio. Nyaya za intaneti za baharini zilifika 2009, mkongo wa taifa ukapita njia ya Iringa hadi kwetu. Aprili 2011 Canonical walifunga ShipIt, wakisema watu sasa wanaweza kupakua wenyewe. Wa kwao waliweza. Kwa bei ya bando la wakati ule, megabaiti 700 zilikuwa ghali. OpenOffice, iliyoizaa Jambo, ilishapasuka mwaka 2010, waandishi wake wengi wakaenda kuunda LibreOffice. Zikaja simu za kupangusa, steshenari nyingi zikawa vibanda vya miamala. Mzee alifariki, watoto wake wako Dar, chumba kile kinauza makava ya simu. Nilipita hivi karibuni. Harufu ni ya plastiki mpya.

Na sasa tunajisifu kwamba tumeendelea. Takwimu za hospitali zetu zinaingia kwenye DHIS2, vyuo vinafundishia Moodle, zote programu huria, zote zinapatikana na msimbo wake wazi. Ila ukimuuliza mwanafunzi anayezitumia kila siku zimetengenezwaje na nani, na kama angeweza kuzirekebisha, anakutazama kama umemuuliza habari za Misri ya kale. Steshenari zinalipa usajili wa kila mwezi kwa dola au zinapakua vifunguo vya wizi vinavyobeba virusi vibaya kuliko vile vya flashi. Chuo kinatoa cheti cha kutumia bidhaa ya kampuni moja na kukiita elimu ya kompyuta. Hili linanikera, na sioni sababu ya kulisema kwa upole.

Yapo ya kutia moyo. Kwenye Common Voice ya Mozilla maelfu ya sentensi za Kiswahili zimesomwa na watu wa kawaida, wametoa sauti zao ziwe mali ya wote, ili mashine ziweze kutusikia. Moyo wa sanduku la viatu haujazimika. Umehama mtaa tu.

Kwa hiyo nawaomba wenye steshenari wa Mwanjelwa na Miyomboni watenge mashine moja, ile kongwe kabisa, waiwekee Linux na kuiacha wazi kwa mteja anayetaka kujifunza. Na ninyi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) na wa Chuo Kikuu cha Iringa, LibreOffice na Firefox hutafsiriwa na watu wa kujitolea kama ninyi, na kazi ya Kiswahili iliyoanzwa mwaka 2004 inahitaji mikono. Jiandikisheni, chagueni ukurasa mmoja, mwanze.